Barua kwa mwanangu: hizo breki kazishika nani?

Mwanangu,

Salamu sana. Huku wazima, mama yako presha imeshuka kidogo, anameza dawa siku anazokumbuka. Nimeona nikuandikie kabisa badala ya kutuma sauti, manake sauti zangu najua unasikiliza nusu unaacha, na hili sitaki ulisikie nusu.

Shangazi yako ndo kaniambia, sio wewe. Ati Jumapili ya kwanza ya Novemba unapanda gari ya 1903 na huyo mzee wa gereji yenu mnatoka London mpaka Brighton. Nikamuuliza mbona mtoto hajaniambia mwenyewe, akasema anaogopa utaanza mambo yako ya breki. Haya. Basi naanza mambo yangu ya breki.

Nimekaa siku tatu na simu ya kaka yako nasoma kuhusu hiyo safari, bando lake limekwisha ananuna mpaka sasa. Kwanza nikiri jambo lenyewe ni zuri. Gari zote ziwe zimetengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 1905, zinatoka Hyde Park jua linapochomoza, maili 60, yani kama kutoka hapa Tanga kwenda Korogwe hivi, na ukifika Brighton kabla ya saa kumi na nusu jioni unapata medali. Mama yako kauliza medali inapikwa na nini.

Ile sababu yenyewe ya safari ndo nilicheka peke yangu kama mwehu. Ati zamani sheria yao ya 1865 ilisema gari ikitembea lazima mtu atangulie mbele kwa miguu ameshika bendera nyekundu, mwendo maili 4 kwa saa mashambani na 2 mjini, alafu 1878 bendera wakaiondoa ila mtu mwenyewe akabaki anatembea tu mbele mpaka 1896 ndo wakamtoa, na tarehe 14 Novemba mwaka huohuo wenye magari wakaenda Brighton kwa furaha. Kwahiyo ninyi mnasherehekea siku utingo aliyofukuzwa kazi! Nimewasimulia wazee pale kwenye kahawa, mmoja kasema Wazungu walikuwa na akili wakaja wakaipoteza.

Picha yako nimewaonyesha pia, ile umeshika gia boksi mapajani kama mtoto. Nikawaambia huyu ni binti yangu, huko Uingereza wazee wenye hela zao wanamsubiri yeye awafungulie injini za miaka mia na ishirini. Hawakuamini, nikawaonyesha ya pili. Mimi nilitaka usome uhasibu, hilo unalijua, tusilirudie.

Sasa nisikilize. Hiyo De Dion-Bouton yenu, silinda moja, nimeangalia michoro yake. Mbele haina breki. Hakuna kitu kabisa, na si yenu tu, gari za wakati ule karibu zote hivohivo, breki za magurudumu manne zimekuja kuwa kawaida miaka ya 1920 huko. Kwahiyo una breki ya mguu inayoshika kwenye shafti ya gia boksi, na ya mkono inayoshika magurudumu ya nyuma. Wewe fundi, nikuulize kama fundi: breki ya kwenye shafti ikishika, nguvu inapita wapi kufika chini? Inapita kwenye difu na ekseli. Kikivunjika kimoja hapo katikati umebaki na mguu unakanyaga hewa. Alafu kama za nyuma ni zile za bendi ya kukumbatia dramu kwa nje, bendi ile inajikaza gari ikienda mbele tu, ikianza kurudi nyuma mlimani inajifungua yenyewe. Ndo maana gari nyingi za zamani zile zilikuwa na chuma kirefu kimening'inia chini, unakiangusha kinachoma barabara gari isirudi. Yenu inacho? Kwenye picha sijakiona.

Na nani kaishika hiyo bendi mara ya mwisho? Hilo ndo swali langu. Sio "imeangaliwa". Kila gari iliyowahi kuua mtu ilikuwa "imeangaliwa".

Kingine kilichonishangaza, huko gari ikishapita miaka 40 na haijabadilishwa sana hailazimiki hata kwenda ukaguzi wa kila mwaka. Yani Passo yangu hapa trafiki anaizunguka mara tatu anatafuta kosa, yenu ya 1903 hakuna wa kuiuliza. Mkaguzi ni mwenyewe. Na mwenyewe ana miaka mingapi, shangazi kasema sabini na kitu?

Nimesoma na habari ya Harrow, hukohuko Uingereza, tarehe 25 Februari 1899, mtaa unaitwa Grove Hill. Daimler imejaa watu inashuka kilima, dereva akakanyaga breki kwa nguvu, na breki ikashika vizuri tu, gurudumu la nyuma ndo lilikataa, spoki za mbao zikaachia. Dereva alikufa palepale, na abiria mmoja akafuata siku chache baadae. Wameweka kibao pale ukutani kinachowaambia watu wawe makini. Kwahiyo nikisema breki simaanishi bendi tu, namaanisha mpaka spoki. Zenu nimeona ni za mbao. Chukua nyundo ndogo gonga moja moja usikilize, iliyolegea utaisikia tu inavyolia tofauti na wenzake. Usimwachie mtu, gonga mwenyewe.

Na usinitajie mwendo mdogo. Najua hamruhusiwi kuzidi wastani wa maili 20 kwa saa. Canter ya Mombo ilikuwa inatembea ngapi?

Ile ya Mombo unaijua, ulikuwepo niliporudi usiku ule, sisimulii. Ila wewe unajua alichosema trafiki, kwamba breki zilipata moto kutoka Lushoto kwa ile mikona, na kweli mikona ya pale dereva yeyote anaiogopa. Raba za masta silinda lakini hazikuwa mpya. Tajiri alinipa hela ya mpya. Niliziosha za zamani kwa mafuta ya breki zikang'aa nikazirudisha, nikatoa upepo vizuri, pedo ikawa ngumu, nikamwambia imeisha hiyo. Mwezi ule ndo ulikuwa wa ada yako ya VETA. Yule utingo mguu wake unauona mpaka leo anavyotembea, na ananisalimia vizuri tu, ananiita fundi mkuu. Basi.

Kwahiyo nikikuuliza nani kazishika usione nazeeka.

Halafu shangazi kasema wewe huendeshi, unakaa pembeni. Nimeangalia mtu wa pembeni kazi yake nini: anapampu oili, anatoa ishara ya mkono, anasoma njia, na gari ikishindwa mlima anaruka anasukuma, ikirudi nyuma anaweka gogo chini ya tairi. Mwanangu, hiyo kazi ina jina. Umepanda ndege, umekaa na baridi miaka yote hiyo, ukawe utingo! Sawa, ila uwe utingo mwenye akili. Gogo lako uwe nalo miguuni pako, sio kwenye sanduku nyuma, na uwe umelijaribu kabla. Kuna kilima cha Clayton mkikaribia kufika, pale gari imechoka na mzee amechoka. Shuka mapema. Usisubiri akuambie. Na gari ikianza kurudi usisimame nyuma yake hata kidogo, kaa ubavuni, gogo lirushe kwa mguu kama unapiga mpira.

Hiyo ya kusoma njia nayo usiichukulie mchezo. Mwaka 2019 kwenye safari hiyohiyo mzee mmoja alikosea njia akajikuta barabara kuu ya M23, gari yake ya wazi katikati ya malori, akafa, na mkewe alikuwa amekaa hapo hapo unapokaa wewe aliumia vibaya. Hapo breki hazikuwa na neno, nakubali. Lakini usiku nikifumba macho sioni njia, naona lori linakuja na mtu anakanyaga.

Kuwasha na hendeli najua unajua ila sijawahi kukuona, kwahiyo naandika. Moto wa plagi urudishe nyuma kwanza, yani uchelewe kidogo. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, usikizungushie hendeli, na uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini. Injini ikipiga teke hendeli inateleza kwenye vidole inaenda zake, ukiwa umezungushia gumba inaondoka na mkono. Huu mkono wangu wa kulia mvua ikitaka kunyesha najua kabla ya redio, basi ni Land Rover ya misheni.

Na uvae. Hiyo gari haina kioo cha mbele wala paa na huko Novemba nasikia mvua inanyesha kwa ubavu. Magazeti kifuani chini ya koti, madereva wa Lushoto wanafanya hivo, usicheke.

Huku bati la jikoni limetoboka tena upande wa tanki, maji yanadondokea kwenye mafiga. Ukituma kitu tuma kwangu au kwa mama yako, usipitishie kwa kaka yako, ile ya mwezi wa nane alisema kanunua bati na mimi nikaona bodaboda yake ina betri mpya. Simsemi kwa ubaya. Mnazi wa uani umeinama kwa jirani, kasema tuukate, mama yako kasema aukate yeye aone. Luku inakwenda kama maji, friji nadhani gesi imeisha inanguruma tu haigandishi, ntaiangalia wiki hii.

Sikukatazi kwenda. Nimetaka kuandika nakukataza, nimefuta mara mbili. Na yule mzee mpe salamu zangu, mwambie baba yake huyu mtoto ni fundi pia na anaomba picha nne: bendi ya kushoto, bendi ya kulia, breki ya kwenye shafti, na upande wa dereva ulivyo ili nione mkono wa breki unaufikia ukiwa umekaa upande wako. Zitume kabla ya Jumamosi, kwa namba yangu, sio kwa shangazi.

Mama yako kapita hapa nyuma yangu kaangalia tena ile picha ya gia boksi, anauliza hilo tambara lenye oili ulilotandika mapajani si kanga aliyokupa uwanja wa ndege? Nimemwambia sio ile, ni nyingine inafanana. Akikupigia usiniangushe.

Baba yako