Droni ina jipiesi (GPS, kifaa cha kujua mahali kwa setilaiti), mbona bado tunasimamisha kituo chini?

Mzee mmoja wa Muheza, mwenye shamba la michungwa, alitukuta tukifunga antena juu ya miguu mitatu kwenye bikoni, yaani nguzo ya alama ya mpaka wake. Akauliza, "Wanangu, hiyo ndege si ina jipiesi yake? Mbona mnanilipisha na hili kopo jeupe?" Swali hilo sisi wapima ardhi kwa droni tunaulizwa sana hapa ofisini Ngamiani, Tanga, na mteja anayetoa hela yake anastahili jibu kamili.

Picha ya droni inapendeza, unahesabu mti mmoja mmoja. Lakini jipiesi ya kawaida iliyomo kwenye droni hukosea mita kadhaa. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30 pale Kange, mita tatu ni chumba kizima cha jirani.

Jipiesi hupima umbali kwa mawimbi ya redio, nayo husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukijua yametumia muda gani njiani, umeshajua umbali. Wapimaji walianza kuongoza ndege za ramani kwa njia hii kabla ya setilaiti kuwepo. Shoran, mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya ndege za mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, baadaye ulitumika kwenye upimaji: ndege inatuma mapigo, vituo viwili vya ardhini vinajibu, na umbali huo wa pande mbili unaonyesha ndege ilikuwa wapi kamera ilipofyatuka. Kati ya 1949 na 1957 Kanada ilipima kwa Shoran maeneo makubwa ya kaskazini yasiyofikika kwa miguu. Mwaka 1957 ikaja telurometa, kifaa cha kupima umbali kwa redio, ya Trevor Wadley wa Afrika Kusini, na watu wawili juu ya vilima viwili wakaweza kupima makumi ya kilomita bila kuburuta mnyororo wa kupimia.

Leo vituo vyetu ni setilaiti za jipiesi zilizo kilomita 20,200 juu. Hapo muda ukikosewa kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, umbali unakosewa sentimita 30. Tena anga lenyewe huchelewesha mawimbi, hasa mchana na jioni huku kwetu karibu na ikweta, ndiyo maana tunapenda kurusha asubuhi. Minazi huyaziba, mabati huyarudisha kama mwangwi. Kopo jeupe, ambalo nalo ni antena ya jipiesi, limekaa mahali panapojulikana, kwa hiyo linaona kosa la kila setilaiti wakati huohuo na kuipa droni masahihisho. Kutoka mita tunashuka hadi sentimita mbili tatu.

Mahali panapojulikana, lakini kwa mfumo gani wa namba za mahali? Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa Arc 1960, wakati jipiesi inasoma WGS 84. Ukichanganya namba za mifumo hiyo miwili, shamba linahama karibu mita 300. Tafadhali tuletee nakala ya ramani yako ya zamani kabla hatujaja, na utuonyeshe bikoni zako hata kama zimefunikwa na majani.

Kosa la binadamu nalo lipo. Siku moja kijana wetu alisoma urefu wa antena kwenye futi ya kupimia, ukawa mita 1.58, akaandika 1.85. Shamba zima la mkonge likapanda sentimita 27 kwenye kompyuta. Tuligundua kwa sababu ya alama za ukaguzi, yaani misalaba ya chokaa tunayoipima chini lakini hatuiingizi kwenye hesabu ya ramani. Sasa watu wawili wanasoma futi, kila mmoja anaandika kwenye daftari lake, ndipo tunalinganisha. Ukipewa ramani na mtu yeyote, sisi tukiwemo, dai jedwali la alama hizo.

Kibali cha kurusha droni cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) tunakishughulikia wenyewe.

Yule mzee tulimrudia na ramani yake. Tukasimama juu ya msalaba wa chokaa chini ya mchungwa wa mwisho, akashika kifaa kwa mkono wake, tukalinganisha namba: tofauti sentimita mbili. Akawaita wanawe waje waone.