Homoni kwa tumbili wa utafiti ziwekewe mipaka

Mhariri,

Hapa Entebbe tumbili hushuka mitini asubuhi, vichanga vikiwa vimeng'ang'ania matumbo ya mama zao, na kila nikiwatazama nakumbuka kwamba virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947 katika damu ya tumbili wa aina ya rhesus, aliyewekwa kwenye kizimba katika msitu ulio karibu nasi. Kwa hiyo sipingi utafiti. Ninachoomba ni kwamba deni letu kwa tumbili tulilipe kwa uangalifu.

Jike la rhesus, ambaye mzunguko wake ni wa takriban siku 28 kama wa mwanamke, hupewa homoni katika maabara za ng'ambo ili tumbo lake la uzazi liwe tayari siku ileile kiinitete, yaani mimba changa kabisa iliyotengenezwa maabarani, kinapokuwa tayari kupandikizwa. Jambo hili lina faida ya kweli, kwani bila hilo majike wengi zaidi wangefungiwa wakisubiri zamu zao. Hata hivyo, Wachina walipotangaza mwaka 2018 nakala mbili hai za tumbili (kloni), Zhong Zhong na Hua Hua, ili kuwapata hao wawili tu viinitete 79 vilikuwa vimepandikizwa kwa majike 21.

Nazisihi kamati za maadili nchini kwetu, ombi la namna hii likifika mezani, zidai kuandikiwa mapema kila jike atachomwa sindano ngapi, atatolewa damu mara ngapi, na atapumzishwa kwa muda gani kabla ya kurudiwa.

Mkazi wa Entebbe