Siku ya lori ijulikane kabla ya mkasi kugusa kichala

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo nililolishuhudia katika mashamba ya zabibu ya Dodoma: zabibu zilizokwisha kukatwa kuchacha zikimsubiri mnunuzi aliyechelewa. Naamini wanaonunua zabibu, wanaosimamia vyama vya ushirika na wanaopanga kilimo cha mkoa huu ni wasomaji wako, na kwamba jambo lenyewe linaweza kurekebishwa bila kungoja fedha nyingi wala sheria mpya.

Mimi ni mtumishi wa umma niliyehamia Dodoma serikali ilipohamishia shughuli zake hapa, na nimeolewa katika familia ya Kigogo inayolima zabibu upande wa Mpunguzi, kando ya barabara ya Iringa. Ukitoka mjini kwenda huko unapita Bihawana, ambako wamisionari Wakatoliki walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda zabibu katika eneo hili kwa ajili ya divai ya misa. Mama mkwe wangu ana shamba la ekari moja na nusu, sehemu kubwa ikiwa na mizabibu myekundu ya Makutupora na mistari michache ya nyeupe, Chenin Blanc. Machi iliyopita nilichukua likizo ya siku nne kwenda kumsaidia kuvuna, kwa sababu miguu yake imeanza kumsumbua na watoto wake wengi wako mbali.

Tuliingia shambani saa kumi na moja na nusu alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani. Wanawake wa kijiji waliokuja kufanya kibarua walikuwa wamefika kabla yetu, na baada ya kusalimiana “Mbukwenyi” kila mmoja alishika mstari wake. Mimi, niliyedhani kuvuna zabibu ni kukata na kutupia ndani ya kreti, nilisimamishwa mara tatu katika nusu saa ya kwanza. Mama mkwe alinishika mkono akanionyesha: kiganja cha kushoto kinakaa chini ya kichala bila kukiminya, mkasi unakata kikonyo, kisha kichala kinageuzwa taratibu ili punje zilizooza au kupasuka zitolewe kwa ncha ya mkasi huohuo. “Mwanangu, usiufute huo unga wake,” aliniambia, akimaanisha ule utando mweupe unaofunika ganda la zabibu, “na punje iliyopasuka usiiache, maana hiyo moja itachachusha wenzake wote.” Kreti nayo haijazwi kupita ukingo wake, kwa kuwa makreti yatapangwa moja juu ya jingine, na kilichozidi juu ndicho kitakachokamuliwa njiani.

Kazi ile ilifanywa kwa adabu ya namna hiyo hadi saa nne, jua lilipoanza kuwaka na nyuki na nyigu kuja kwa wingi kwenye mikono yetu iliyonata. Tulikuwa tumejaza makreti 58. Tukayapanga chini ya mwembe, tukayafunika kwa matawi, tukakaa kulisubiri lori la mnunuzi ambaye siku tatu kabla alimwambia mama mkwe kwa simu akate, kwamba asubuhi hiyo angekuja.

Lori halikuja asubuhi hiyo, wala jioni. Simu ilipokelewa mara moja, tukaambiwa kwamba vijiji vingine navyo vimekata siku hiyohiyo na matangi kiwandani yamejaa, kwa hiyo tuwe na subira. Kufikia saa kumi alasiri makreti ya chini yalikuwa yamelowa maji yake yenyewe, na usiku, nilipotoka na tochi, harufu ya uchachu iliyokuwa chini ya ule mwembe ilinitosha kuelewa. Lori lilifika kesho yake mchana. Makreti 21 yalikataliwa, na yaliyobaki yakapimwa kwa bei pungufu ya ile tuliyotajiwa kwenye simu. Wale wanawake walikuwa wamelipwa kwa kreti, siku ileile, kama ilivyo haki yao, na fedha hiyo mama mkwe aliikopa kwenye kikoba chao. Deni hilo amelilipa kwa kuuza mbuzi wawili.

Simtaji mnunuzi huyo, kwa kuwa sikuandika ili kumshtaki, na wakulima wa vijiji jirani wamenieleza kwamba hayo huwapata kwa wanunuzi mbalimbali. Ninachotaka kieleweke ni tabia ya tunda lenyewe. Mahindi na alizeti huweza kumsubiri mnunuzi ghalani kwa miezi. Ndizi na embe huweza kukatwa zikiwa bado ngumu zikaiva safarini. Zabibu ikishakatwa haiivi zaidi wala haiongezi sukari, na kwa kuwa hamira za asili hukaa katika ganda lake, punje ikipasuka tu katika joto la Dodoma huanza kuchacha pale pale ilipo. Ukiiacha shambani ukimsubiri mnunuzi, ndege wanaila, na msimu huu wa Machi mvua zinakuwa bado zinanyesha, hivyo ukungu na uozo huingia kwenye vichala vilivyobanana. Mkulima hana mahali pa kuegemea, si mtini wala kwenye kreti, na mnunuzi anajua hivyo. Ndiyo maana bei hubadilika pale mizani inapotua.

Naomba wahusika watazame jambo moja ambalo huku kwetu tunalo na wenzetu wa nchi za baridi hawana. Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na huvunwa mara moja kwa mwaka, wakati ambao hali ya hewa ndiyo inayouamua kwa sehemu kubwa. Dodoma mzabibu haulali. Tunavuna mara mbili, karibu na Machi na tena karibu na Agosti au Septemba, na kinachoamsha mti utoe maua ni mkasi wa kupogolea. Toka siku ya kupogoa hadi kuvuna hupita takribani miezi minne. Maana yake ni kwamba siku ya kuvuna mkulima wa Dodoma huipanga mwenyewe miezi minne kabla, hata kama haijui tarehe yake kamili, na wiki ambayo vijiji vyote vimekata kwa pamoja hutokana na wiki ambayo vijiji vyote vilipogoa kwa pamoja.

Basi kwa nini kupogoa kusipangwe? Chama cha ushirika kikae na wanunuzi wake kabla ya msimu, kila mnunuzi aseme tani anazoweza kupokea kwa wiki, na wakulima wapeane zamu za kupogoa zinazopishana kwa siku kumi au wiki mbili kufuatana na nafasi hiyo. Najua wasiokuwa na kisima hawana uhuru mkubwa, maana mvua ya hapa ni chache na ina msimu mmoja, na anayeitegemea hawezi kupogoa anavyotaka. Lakini hata kwao tofauti ya siku kumi inawezekana, na walio kwenye skimu za umwagiliaji wanaweza kupishana kwa zaidi ya hapo. Mama mkwe nilipomweleza hili alifikiri kidogo, akasema kwamba zamani walikuwa wakiulizana majirani kabla ya kupogoa, ili vibarua wasigombaniwe. Wazo hili basi halikutoka ofisini kwangu. Lipo kijijini, limeachwa tu.

Zamu hizo hazitakuwa na maana bila maandishi. Mnunuzi akisema “kateni”, aseme kwa karatasi yenye tarehe, saa, bei ya kilo na kiwango cha sukari anachokitaka, na akichelewa kupita siku hiyo, hasara ya kilichochacha isiwe ya mkulima peke yake. Kiwango cha sukari nacho kipimwe mbele ya mwenye shamba, kabla ya kukata. Siku ile nilimwona kijana wa mnunuzi akidondosha tone la maji ya zabibu kwenye kioo cha kifaa kidogo, akakielekeza kwenye mwanga, akachungulia kwa jicho moja na kutamka namba ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Nilimwomba nami nichungulie, akanipa bila kinyongo. Mama mkwe akachungulia baada yangu, na akaniambia kwamba katika miaka yote aliyolima zabibu hajawahi kukishika kifaa hicho mkononi. Chama chenye wakulima mamia hakiwezi kushindwa kununua kimoja cha kwake.

Wapo wanaosema dawa ni kila kijiji kukamua zabibu zake siku ya mavuno na kuuza mchuzi, yaani maji ya zabibu yaliyokamuliwa, badala ya matunda. Naunga mkono, na pale ambapo matangi safi na mtaalamu vipo, hilo lifanyike. Ila mchuzi nao unahitaji mnunuzi aliyejulikana mapema, kwa hiyo hautuondolei haja ya kupatana kabla ya msimu.

Mvua za mwaka huu zinaelekea ukingoni, na mama mkwe ameshanoa mikasi ya kupogolea kwa ajili ya mavuno ya Agosti. Jumapili iliyopita nilimkuta amekaa na majirani wanne chini ya ule mwembe, wakipangana nani aanze na nani afuate. Hadi ninapoandika barua hii, hakuna mnunuzi aliyekwenda kuwaambia atapokea kiasi gani, wala lini.

Mtumishi wa umma,
Dodoma