Kwa swahiba aliyechoshwa na vigeugeu

Swahiba yangu,

Salamu nyingi, na poleni kwa ugonjwa wa mama mkwe. Barua yako nimeisoma nikacheka, nikairudia, na mara ya pili kicheko kikapungua. Unasema watafiti wa tiba ni vigeugeu, leo dawa inasifiwa na kesho inaondolewa, na kwamba ungekuwa na mtoto wa kumtoa kwa utafiti ungemtoa kwa hisabati, maana huko jibu likishapatikana limepatikana. Nusu ya maneno hayo nakubaliana nawe. Nusu nyingine niachie nikubishie, na unanijua, sijui kubisha kwa ufupi.

Tuanze na hao wanahisabati wako. Chukua kalamu. Teua namba nzima, uizidishe kwa yenyewe, ujumlishe namba hiyohiyo, kisha ongeza 41. Ukianza na 0 unapata 41, ambayo ni namba tasa, yaani haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ukiweka 1 unapata 43, tasa. 2 inakupa 47, 3 inakupa 53, 4 inakupa 61, zote tasa. Endelea mpaka 39, hutakwama hata mara moja. Mtafiti wa fani nyingine akiona jambo limekubali hivyo mara 40 mfululizo, keshaandika makala na keshapongezwa. Sasa weka 40: 1,600 kujumlisha 40 kujumlisha 41 ni 1,681, nayo ni 41 mara 41. Utasa umeishia hapo. Ndiyo maana kwa mwanahisabati mifano haimalizi kesi, iwe 40 au milioni.

Hata Euler, mwanahisabati wa karne ya 18 ambaye sijui kama amewahi kutokea wa kumfikia kwa wingi wa kazi, alinaswa na mtego wa namna hii. Mwaka 1769 alidai kitu ambacho sehemu yake moja inasema hivi: huwezi kupata namba nzima nne, zote kubwa kuliko sifuri, ambazo, kila moja ikipandishwa kwa kipeo cha 5 (kama 2 × 2 × 2 × 2 × 2), jumla yake itakuwa nayo ni kipeo cha 5 cha namba nyingine. Karibu miaka 200 ikapita. Mwaka 1966 Lander na Parkin waliipa kompyuta kazi ya kutafuta, ikarudi na 27, 84, 110 na 133. Zipandishe kwa kipeo cha 5, jumlisha, utapata 144 kwa kipeo cha 5, bila kuzidi wala kupungua. Makala waliyoitoa ilikuwa ya sentensi mbili. Laiti wote tungeandika hivyo.

Kwa ukali huo nawapa heko. Ila usidhani kwamba uthibitisho ukishaandikwa mambo yamekwisha. Mwaka 1879 mwanahisabati Kempe alitoa uthibitisho kwamba ramani yoyote inaweza kupakwa kwa rangi nne tu bila nchi mbili zinazopakana kufanana rangi. Wenzake wakausoma, wakaridhika. Mwaka 1890 Heawood akaonyesha tundu lililokuwemo, na lilikuwa tundu la kuangusha hoja nzima. Miaka 11 wasomi walikuwa wameshika hoja iliyotoboka na hawana habari. Jambo lenyewe lilikuja kuthibitishwa mwaka 1976 na Appel na Haken kwa msaada wa kompyuta, wengine wakanung'unika: huu ni uthibitisho gani ambao hakuna binadamu anayeweza kuupitia wote kwa macho yake? Mimi, nikuambie kweli, moyo wangu uko na wanung'unikaji, ingawa mwaka 2005 Gonthier aliuhakiki upya hatua kwa hatua kwa programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwa wanafizikia nitapita haraka, maana kisa chao kimoja kinatosha. Septemba 2011 kikundi cha watafiti cha OPERA kilitangaza kwamba nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zilizorushwa kutoka CERN, kituo cha utafiti wa chembe karibu na Geneva, hadi maabara ya Gran Sasso, Italia, mwendo wa kilomita 730 hivi, zimefika takriban nanosekunde 60 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde) kabla ya wakati ambao mwanga ungefika. Einstein, aliyesema hakuna kinachoupita mwanga kwa kasi, hatarini! Kumbe wenyewe walikuwa wamekagua mpaka wamechoka, na walipotangaza waliwaomba wenzao wawatafutie kosa. Mwaka 2012 kosa likapatikana: kebo ya nyuzi za mwanga haikuwa imebana vizuri pale ilipochomekwa, na pia kulikuwa na saa iliyokwenda upesi kupita kiasi. Magazeti yaliwacheka. Mimi sikuona la kuchekesha. Kikundi kilicholeta takwimu zake hadharani na kusema "tukosoeni" kilifanya hasa kazi yake.

Sasa tiba, ambayo ndiyo kiini cha malalamiko yako.

Miaka ya 1980 madaktari walijua kwamba mtu aliyepata mshtuko wa moyo akapona, kisha moyo wake ukawa unarukaruka mapigo, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa ghafla. Zilikuwepo dawa, enkainaidi na flekainaidi, zilizotuliza mapigo hayo vizuri sana. Ungeweza kuona kwa macho yako kwenye karatasi ya kipimo: kabla ya dawa mistari inavurugika, baada ya dawa imetulia. Hoja ikawa nyepesi kabisa. Mapigo mabaya yanaua, dawa inaondoa mapigo mabaya, basi dawa inaokoa maisha. Wagonjwa wengi wakapewa. Kisha likafanyika jaribio lililoitwa CAST: baadhi wapewe dawa, wengine kidonge kitupu, na nani apate nini iamuliwe kwa bahati nasibu. Mwaka 1989 dawa hizo mbili zikasimamishwa jaribio likiwa bado linaendelea. Hesabu kamili ilipotoka mwaka 1991, kati ya wagonjwa 755 waliopewa dawa walikufa 63, na kati ya 743 waliopewa kidonge kitupu walikufa 26.

Hebu soma tena hizo namba. Hakuna daktari mmojammoja ambaye angeweza kuliona hilo wodini kwake. Mgonjwa wake akifa, angesema moyo ulikuwa mbovu tangu awali, na kwa kweli ulikuwa mbovu. Akipona, angesema dawa imefanya kazi. Mantiki ilikuwa upande wa dawa, kipimo kilikuwa upande wa dawa, uzoefu ulikuwa upande wa dawa. Kilichokuwa upande wa wagonjwa ni lile kundi la ulinganisho peke yake. Unapoona dawa imeondolewa unaita ugeugeu. Mimi ningeogopa zaidi kama isingeondolewa.

Na utaratibu huu wenyewe si wa kale. Jaribio linalotajwa sana kama mfano wa mwanzo ni lile la Uingereza la streptomisini kwa kifua kikuu, lililochapishwa mwaka 1948. Dawa ilikuwa haba, haiwatoshi wote, hivyo kugawa kwa nasibu hakukuwa dhuluma. Mtakwimu Bradford Hill alipanga majina yapangwe kwa namba za nasibu zilizofungwa ndani ya bahasha, daktari asijue mgonjwa anayefuata ataangukia kundi gani. Picha za kifua zilisomwa na watu wasioambiwa ni za nani. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 kati ya 55 waliopata dawa na 14 kati ya 52 waliolazwa kupumzika tu. Jaribio hilohilo likaonyesha pia kwamba vimelea vinajifunza kuistahimili dawa, habari mbaya ambayo nayo iliandikwa. Mimi ninachokipenda hapo ni zile bahasha. Aliyezibuni hakuwadhania madaktari ubaya. Alijua kwamba mtu mwema naye humpendelea mgonjwa anayemwonea huruma, na hesabu ikaharibika.

Mahali tunapokubaliana ni hapa. Wanafizikia hawatangazi chembe mpya, kama ile ya Higgs mwaka 2012, mpaka nafasi ya kelele tupu, yaani bahati tu ya vipimo, kuleta ishara kubwa kiasi hicho iwe kama 1 kati ya milioni 3.5. Watu wa tiba mara nyingi huridhika na 1 kati ya 20. Fanya hesabu mwenyewe: jaribu dawa 20 zisizofaa kitu, na tarajia moja itoke na matokeo ya kupendeza. Ukichapisha hiyo moja na 19 ukazifungia kabatini, umedanganya dunia bila kutamka uongo hata mmoja. Mambo haya yamefanyika sana, ndiyo sababu mwaka 2005 wahariri wa majarida makubwa ya tiba walianza kukataa majaribio ambayo hayakusajiliwa kabla ya kuanza. Ila kuwataka wafike kwenye ukali wa wanafizikia haiwezekani. Nyutrino zipo za kurusha tena mwakani, na mgonjwa anataka jibu wiki hii.

Sasa hicho kipande cha gazeti ulichonitumia, kuhusu dawa mpya ya viungo ambayo mama mkwe ameanza kuiulizia. Nimekisoma chote. Kinasema waliotumia walijisikia nafuu baada ya wiki kadhaa. Hakisemi ni wangapi walioacha njiani, wala hakuna mahali kinapotaja kundi ambalo halikupewa dawa, na maumivu ya viungo hupanda na kushuka yenyewe hata usipofanya lolote. Asiiache dawa anayotumia sasa kwa sababu ya habari hii. Kama unaweza kupata makala yenyewe ya watafiti, si ya mwandishi wa gazeti, nitumie niisome, na mama mkwe aipeleke pia kwa daktari wake.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Wako,
yule yule mbishi