Mteremko kwanza, mwanangu

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Huku Mombasa hatujambo, ila kaskazi imeingia na joto halisemeki. Nyanya yako anakusalimu sana.

Uliniambia kwa simu mmepewa picha za lava ya chini ya bahari, mseme ilitoka kwa kasi gani. Ukasema kazi nyepesi: penye madonge ya mviringo ilitoka polepole, palipotandaa bapa ilitoka kwa nguvu. Kweli, lakini mteremko hukuutaja hata mara moja, mamaangu, na huo ndio utakaokuharibia hesabu.

Lava ya nyuzi 1,200 ikikutana na maji yale ya baridi, ngozi yake huganda ikawa kioo ndani ya sekunde chache. Ikitoka kidogo kidogo mahali tambarare, ngozi huizuia; lava ya ndani huivimbisha mpaka ipasuke, donge jipya litokeze ubavuni, na jingine, yakarundikana kama mito ya kulalia. Kwenye mteremko mkali, uzito huivuta ngozi kabla haijakomaa. Madonge hurefuka yakawa mabomba yanayoshuka, mengine hukatika, yakaporomoka na kuwa kifusi.

Wanasayansi wa volkano Tracy Gregg na Jonathan Fink waliyajaribu haya maabarani, wakachapisha mwaka 2000. Walimimina nta ya majimaji ndani ya maji baridi yenye sukari, juu ya sakafu waliyoiinamisha kwa viwango mbalimbali. Kuzidisha mwinamo kuliibadilisha nta karibu sawa na kuzidisha kasi ya kuimimina. Umeona hatari yake? Lava iliyotoka taratibu penye mwinamo yaweza kukudanganya kwamba ilitoka kwa kishindo.

Itazame ile volkano ya Fani Maoré, iliyozuka chini ya bahari mashariki ya kisiwa cha Mayotte kule Komoro, majirani zetu hao. Ilianza 2018, ikagunduliwa Mei 2019, imesimama mita 820 hivi juu ya sakafu iliyo kina cha mita 3,500. Ubavu wake una mwinamo, chini yake ni tambarare. Picha ya huku na ya kule huwezi kuzisoma kwa kipimo kimoja.

Kwa hiyo muombe mwalimu wako ramani inayoonyesha kina cha bahari mahali picha zilipopigwa. Pima mwinamo wa kila picha, uuandike pembeni, ndipo uzungumzie kasi. Ukishapima nipigie, nataka sana kujua ni picha ngapi zitabadilika jibu.

Baba yako