Friji Hailali

Tabata, Dar es Salaam

Mpenzi Mama Nasra,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na hongera tena kwa nyumba. Mungu aibariki, muishi humo kwa afya. Picha za jiko nimezitazama zote, makabati yamekaa vizuri sana na vigae vimependeza. Ila kuna moja nimeikuza kwenye simu nikaitazama tena na tena, ile inayoonyesha kona ya friji. Kuna eksitensheni nyeupe sakafuni imechomekwa friji, maikrowevu na birika la umeme, na waya wake unapita chini ya zulia. Nimeona nikuandikie kabisa, maana tukipigiana simu tutaishia kwenye habari za harusi.

Hebu piga nami hesabu. Birika la wati 2,000, kwa umeme wetu wa volti 230, linavuta karibu ampea 9 peke yake. Fyuzi ya plagi ya pini tatu ni ya ampea 13, ambayo ni kama wati 2,990 kwa jumla. Asubuhi birika linachemka, maikrowevu inapasha viporo na friji imewaka, hapo umeshafika ukingoni au umepita. Tena eksitensheni nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa, waya wake ni mwembamba kiasi cha kufaa taa tu, hata hizo ampea 13 hauzibebi. Waya ukizidiwa si lazima uwake hapo hapo. Unapata joto, plastiki inalainika, maungio yanalegea, na palipolegea ndipo panapozidi kuchemka siku hadi siku. Soketi inaanza kugeuka rangi ya kahawia pembeni ya matundu, na wakati mwingine inatoa shombo kama ya samaki. Watu wanatafuta samaki aliyeharibika kwenye friji, kumbe ni ukuta unaoungua polepole. Ukisikia hiyo harufu usitafute kitoweo, nenda ukazime meinswichi.

Friji ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko vyote, kwa sababu hailali. Pasi unaichomoa, birika linajizima, lakini friji inafanya kazi mchana na usiku, na sehemu yake yenye joto iko nyuma ambako hakuna anayetazama. Wifi yangu wa Mbagala breka ilikuwa inamshukia kila baada ya siku chache, naye anaipandisha, maisha yanaendelea. Alipokuja fundi wakaivuta friji ukutani, nami nilikuwepo. Vumbi lilikuwa limegandamana na mafuta ya kukaangia hadi limekuwa kama blanketi juu ya kompresa, ile mota ya friji. Panya walikuwa wametafuna mpira wa waya, shaba inang'aa nje, na kile kiboksi cha plastiki ubavuni mwa kompresa kilikuwa kimeungua upande mmoja. Watoto wanalala chumba cha pili kutoka hapo. Breka inayoshuka mara kwa mara, mara nyingi haina ugonjwa, Mama Nasra, inafanya kazi yake. Anayestahili kutafutwa ni kile kinachoishusha.

Moto wa Grenfell Tower kule London, usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017, ulianzia jikoni mwa fleti moja ya ghorofa ya nne, kwa hitilafu ya umeme kwenye friji. Watu 72 walipoteza maisha. Ulisambaa vile kwa sababu ukuta wa nje ulikuwa umevikwa vitu vinavyoshika moto, na hilo ni la wajenzi na wakubwa wao. Lakini kuna jambo huwa nalikumbuka kila nikisoma habari zake. Mwenye ile fleti alikuwa amelala, akaamshwa na kengele ya moshi. Akapiga simu zimamoto saa saba kasoro dakika sita usiku, akagongea majirani, na yeye mwenyewe akatoka salama.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Usingizini pua haituamshi. Moshi una hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mtu anaweza kulegea kitandani kabla hajaona hata mwali mmoja. Sisi wa Dar tunaongeza na la kwetu: kila dirisha grili, mlango wa mbele geti la chuma na kufuli, ufunguo uko kwenye pochi ya mama. Wezi tumewazuia, sawa, lakini na sisi tumejifungia. Nyumba ya namna hiyo inahitaji kuambiwa mapema kuliko nyingine yoyote, maana kutoka kwake kunachukua muda. Na gari la zimamoto likipita kwenye vichochoro vyetu vilivyojaa magari yaliyoegeshwa, dakika nazo zinakwenda.

Kwa hiyo naomba ununue kitambua moshi. Kwenye maduka ya vifaa vya umeme na ulinzi Kariakoo uliza kile kinachojitegemea, chenye betri na king'ora chake chenyewe, kisichohitaji kuunganishwa na mtambo. Chagua kinachotumia mwanga kung'amua moshi, kwani kinawahi ule moto unaofukuta taratibu bila kuwaka, na hakipigi kelele ovyo kwa moshi wa kupikia. Kifungwe darini kwenye korido, kati ya jiko na vyumba vya kulala. Jikoni penyewe usikiweke: ukikaanga samaki kitalia, na mtu atakichomoa betri ndio basi. Kila mwezi bonyeza kile kitufe cha kujaribu, na watoto wausikie mlio ili waujue. Nyuma kina tarehe. Kikifika miaka 10 kinabadilishwa kizima, hata kama bado kinalia.

Ufunguo wa geti utundikwe ndani karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa mwizi kutoka dirishani haufiki lakini Nasra anafika. Mfundishe kulifungua gizani, na namba 114 ya zimamoto aijue kwa kichwa. Mama mkwe apewe chumba kilicho karibu na mlango, kama inawezekana.

Mtungi wa gesi wala sina maneno mengi, umeuanza vizuri. Kumbuka tu kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, kwa hiyo ndani ya kabati lililofungwa si mahali pake. Ukiisikia harufu, fungua milango, usiguse swichi yoyote, hata ya taa. Na umeme ukikatika ukiwa unapiga pasi, chomoa kabla hujaondoka. Unarudi wakati wewe uko sokoni.

Nimeshaongea na fundi wetu, yule mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aliyetufungia nyaya hapa kwetu. Tutakuja naye Jumapili baada ya saa nane. Atawapa friji na maikrowevu kila moja soketi yake ya ukutani kwa waya wa milimita za mraba 2.5, na tutaivuta friji tuone nyuma. Hadi siku hiyo birika lichemshe kwenye soketi nyingine, na hilo zulia liondoe juu ya waya leo hii. Niandikie kama dari la korido ni la jipsamu au la zege, ili ajue aje na vifaa gani.

Wako,
Mama Hamisi