Pikipiki kuukuu iliyo nzima isiuzwe kwa kuangalia mwaka wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowagusa wastaafu wengi wa vijijini, hasa sisi tuliokuwa maofisa ugani, walimu na wauguzi wa zahanati, ambao katika miaka ya 1980 na 1990 tulinunua au kukopeshwa pikipiki kwa ajili ya kazi, na ambao leo tunahimizwa na madalali, na wakati mwingine na watoto wetu wenyewe, tuziuze kabla hazijatufia mikononi. Wanaotuhimiza mara nyingi wana nia njema. Hata hivyo hesabu yao haijakamilika, na nimewaona wenzangu wakiuza chombo kizima kwa bei ya kutupa, kisha wakabaki wanasubiri bodaboda barabarani kila siku ya kliniki.

Ninayo Honda CG 125 niliyoinunua mwaka 1993, na tangu masika yaishe nimekuwa nikitafakari kama niiuze au nibaki nayo. Dalali mmoja wa Mombo ameniahidi shilingi 600,000 taslimu. Mwanangu anayefanya kazi Tanga anashauri nizipokee, yeye aongezee zilizobaki, tununue mpya. Nimeamua kutoiuza, na kwa kuwa najua wapo wengi wanaopima jambo hilo hilo, naomba nizieleze sababu zangu kwa kirefu kidogo.

Sababu ya kwanza ni injini yenyewe. Honda waliitoa CG 125 katikati ya miaka ya 1970, wakizifikiria nchi ambako pikipiki hubebeshwa mzigo kupita kiasi, hupita kwenye vumbi na matope, na hukaa muda mrefu bila kuonwa na fundi. Pikipiki zao nyingine nyingi za wakati ule zilikuwa na kemshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, juu kabisa, kwenye silinda hedi, mpangilio unaohitaji mnyororo wake wa ndani na oili safi inayofika juu bila kukosa. Katika CG waliishusha kemshafti chini, valvu zikawa zinafunguliwa na fito mbili zinazopanda ubavuni mwa silinda, na cheni ya gurudumu la nyuma ikafunikwa yote kwa bati ili mchanga usiifikie. Mpangilio huo ulikuwa wa kizamani hata siku ulipotoka kiwandani, lakini ndio uliofanya pikipiki hii ivumilie njia za Mlalo na Mtae katika miaka ambayo oili yenyewe tuliinunua kwa kupimiwa katika chupa ya soda.

Jambo ambalo madalali hawalisemi ni kwamba viwanda vya China viliinakili injini hiyo kwa wingi, na pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa vijiweni zina injini ya ukoo huo huo. Kwa sababu hiyo mtu mwenye Honda ya zamani ya aina hii leo anapata pistoni, ringi, valvu, pleti za klachi na kabureta katika duka la kawaida la spea, pengine kwa urahisi kuliko alivyozipata miaka ishirini iliyopita, alipolazimika kumwagiza dereva wa basi la Dar es Salaam. Sidai kwamba kila spea inayoingia nchini inadumu, wala kwamba kila moja inakaa mahali pake bila kusumbua. Fundi mwangalifu huchukua kifaa cha zamani, akakipeleka dukani na kukilinganisha na kipya juu ya kaunta kabla fedha haijatoka mfukoni. Lakini ile hoja kwamba "spea zake hazipo tena", ambayo ni kweli kwa baadhi ya pikipiki za umri huo, haiihusu hii, na kila mwenye pikipiki kuukuu angefanya vema kuulizia spea za aina yake mwenyewe kabla ya kukubali maneno ya jumla.

Sababu ya pili niliipata kwa fundi wetu wa Soni. Nilimpelekea pikipiki jioni, akaniomba niilaze kwake ili aikute injini ikiwa baridi kabisa asubuhi, kwa kuwa nafasi ya valvu haipimwi injini ikiwa na joto. Alifungua kifuniko cha juu ya silinda, akaizungusha injini polepole kwa mkono hadi alama ya sumaku ilipokaa sawa, akaingiza geji, kibati chembamba cha kupimia, cha milimita 0.08, kati ya roka, yaani mkono unaoisukuma valvu, na ncha ya valvu. Upande wa kuvutia hewa geji ilipita ikikwaruza kidogo, kama inavyotakiwa, na upande wa moshi haikupita. Akalegeza nati, akarekebisha, akakaza, akapima tena. Baada ya hapo akakanyaga kiki taratibu na kuisimamia kwa uzito wake wote, nayo ikamshikilia kwa muda kabla ya kushuka, akasema kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ipo. Injini ilipowaka alinisimamisha nyuma niangalie moshi: ulitoka wa bluu kidogo mwanzoni, kisha ukakatika. Alinieleza kwamba moshi wa namna hiyo, unaoonekana pikipiki ikiwashwa baada ya kulala na kutoweka mara moja, kwa kawaida ni sili za valvu zilizochoka, na kwamba kama ungeendelea wakati inapanda mlima na mzigo, hapo ndipo tungezungumzia ringi na pistoni. Mwisho akainua gurudumu la mbele na kuzivuta shokapu mbele na nyuma kusikiliza beringi za usukani, kisha akalitikisa gurudumu la nyuma kulia na kushoto, na huko tukakuta bushi za mkono unaolishika gurudumu hilo zimeliwa.

Bushi, sili, viatu vya breki na tairi la nyuma, pamoja na ujira wake, havikufika nusu ya fedha aliyoitaja dalali.

Hapa ndipo penye kosa la hesabu ninalotaka wasomaji walione. Watu hulinganisha gharama ya matengenezo na bei ya kuuzia, wakisema haifai kutia shilingi 250,000 katika kitu kinachouzwa 600,000. Hesabu hiyo inamfaa mfanyabiashara anayenunua ili auze. Mtu anayeitumia pikipiki kwenda shamba, sokoni, msikitini na hospitali anapaswa kulinganisha matengenezo hayo na gharama ya kupata nyingine itakayofanya kazi ile ile, na pikipiki mpya leo inazidi shilingi milioni mbili, bila kuhesabu bima, usajili, na riba ikiwa fedha ni za mkopo. Bei ya sokoni inampa mtu habari ya kile wengine watakacholipa kwa chombo wasichokijua. Mimi ninakijua changu: najua oili ilibadilishwa lini, najua injini haijawahi kufunguliwa na mtu wa kubahatisha, najua tanki halina kutu ndani. Ujuzi huo una thamani kubwa, na siku ninapomkabidhi dalali funguo unapotea wote, kwa kuwa yeye hanilipi hata senti moja kwa ajili yake.

Sikatai kwamba pikipiki mpya zina sifa zake. Nyingi huwashwa kwa kitufe, jambo ambalo magoti ya mzee hulishukuru, na baadhi zina breki ya diski mbele, ilhali za kwangu zote mbili ni za drami na hupungua nguvu zikilowa. Wazee wetu walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na wenzangu wawili waliobadilisha wanakiri kwamba raha ya mwaka wa kwanza ilikuwa kubwa, lakini wanalalamika sasa juu ya marejesho ya mkopo kuliko walivyowahi kulalamika juu ya kiki.

Mwanangu aliniletea hoja nyingine inayostahili jibu, kwamba pikipiki za umeme zinakuja na za petroli zitakosa mnunuzi, kwa hiyo heri kuuza mapema. Alinitolea mfano wa Rwanda, ambako kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria mjini Kigali zinasajiliwa za umeme tu. Mfano huo ni wa kweli, nami naufurahia kwa ajili ya hewa ya miji. Hata hivyo uamuzi wa Kigali ulihusu usajili mpya wa pikipiki za biashara katika jiji lenye vituo vya kubadilishia betri, na haukumnyang'anya mtu binafsi chombo chake cha zamani. Vituo hivyo vitakapofika Lushoto nitalifikiria upya jambo hili. Na tena, hofu ya kukosa mnunuzi inamhusu anayetaka kuuza.

Nije kwenye jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko fedha, nalo ni pikipiki inakwenda kwa nani. Dalali hainunui ili aitembelee. Anampa kijana kwa mkataba, kijana anatakiwa kuleta hesabu kila siku, na ili hesabu itimie atapakia mshikaki wa abiria watatu, au magunia ya kabichi na karoti, na kuteremka nayo kutoka Soni hadi Mombo katika kona zile, kwa breki za drami zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wawili au mzigo wa kiasi. Simlaumu kijana, kwa kuwa anatafuta riziki. Lakini mimi ninayeijua pikipiki hii siwezi kujifanya sijui itakavyotumika, na siwezi kuipokea fedha ile kwa moyo mweupe.

Isitoshe, desturi ya kuuza kwa kukabidhi kadi ya usajili tu imekita mizizi kwetu. Muuzaji anaandikiana na mnunuzi karatasi mbele ya shahidi mmoja, anatoa kadi, anapokea fedha, basi. Hakuna aendaye TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha jina la mmiliki, kwa sababu kufanya hivyo kuna gharama na kila mmoja anadhani ni kazi ya mwenzake. Pikipiki ikishaingia kijiweni, kila faini ya barabarani inaandikwa kwa namba yake ya usajili, na ikigonga mtu au ikitumika katika wizi, jina linalosomeka la kwanza ni la mzee aliyestaafu na kukaa kijijini kwake. Yeyote anayeamua kuuza, kwa sababu yoyote iwayo, namsihi asitoe kadi kabla ya mkataba wa mauziano kusainiwa mbele ya wakili na jina kubadilishwa, hata kama mnunuzi atanung'unika na kutishia kwenda kwa mwingine.

Kuna hali ambazo mimi mwenyewe ningemwambia mtu auze, au aache kabisa kuiendesha. Fremu iliyopasuka karibu na shingo ya usukani na kuchomelewa haiaminiki tena, hata ikipakwa rangi nzuri. Kasha la injini lililotoboka, au namba ya fremu isiyosomeka, ni mwisho wa safari kwa matumizi ya barabarani. Zaidi ya hayo yupo mwendeshaji: macho yakianza kushindwa na taa za magari usiku, au mguu ukichelewa kuifikia breki, inayopaswa kuachwa ni safari, na hapo uzima wa pikipiki hauna la kusema. Mimi nilikwisha kuacha kuendesha baada ya jua kuzama, na daktari hunipima macho ninapokwenda kliniki.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba nyuma ya hoja zote hizi yamejificha mapenzi tu. Mapenzi yapo, wala siyafichi. Pikipiki hii ilinifikisha kwa wakulima wa Mtae wakati magonjwa ya viazi yalipoingia, na marehemu mke wangu aliipanda nyuma akiwa na mimba ya kitinda mimba wetu, tukishuka taratibu kwenda hospitali. Sioni kwa nini jambo la namna hiyo litolewe katika hesabu ya uamuzi, ilhali tunaruhusu kuingizwa humo fahari ya kuonekana na kitu kipya. Ninachokataa ni mapenzi yanayomfanya mtu aiache pikipiki imelala bandani bila oili, panya wakila nyaya, huku akisema haiuzi kwa sababu anaipenda. Anayeibakiza aitunze na aitumie. Asiyeweza kuitunza ampe anayeweza, kwa karatasi zilizokamilika.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, waandae mafunzo mafupi kwa mafundi wa vijijini kuhusu injini hizi za fito, yafanyike karibu na masoko yetu, kwa kuwa vijana wengi wanaozifungua hawamiliki hata geji ya kupimia valvu na hukadiria kwa sikio. La pili ni kwa TRA, waje siku za gulio Soni na kwingineko, wabadilishe majina ya wamiliki wa pikipiki hapo hapo, muuzaji na mnunuzi wakiwa wamesimama pamoja, maana siku hiyo ndiyo siku biashara hizi zinapofanyika.

Wako katika kujenga taifa,
Ofisa ugani mstaafu,
Soni, Lushoto.